Baba aniita Injinia, na hesabu imekwama kwenye 52

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msichana wa miaka 20, kwetu ni Mtwapa, pwani ya Kenya. Tangu Septemba niko kaskazini mwa England nikisoma mwaka wa msingi wa sayansi na uhandisi katika chuo kikuu ambacho naomba nisikitaje. Kwa asiyeujua, huu ni mwaka unaotangulia shahada. Wenyewe hapa huuita mwaka sifuri. Ukiuvuka, unaingia mwaka wa kwanza wa shahada uliyoomba. Mimi niliomba uhandisi wa ujenzi, na viza nimepewa ya miaka yote minne kwa pamoja.

KCSE, mtihani wetu wa kidato cha nne, nilipata B+. KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, walinipa nafasi ya uhandisi katika chuo cha umma, lakini baba alikuwa ameshakaa na wakala mmoja mjini Mombasa. Wakala alituambia kwamba kwa cheti cha kidato cha nne, vyuo vingi vya huku havikuingizi shahada moja kwa moja, lazima upitie mwaka huu, na kwamba ni mwaka wa kuzoea tu, hakuna anayeanguka. Baba akauza ploti yake ya Kikambala kulipa karo. Ami yangu aliye Doha akaahidi kusaidia miaka inayofuata. Binamu yangu tuliyemaliza naye shule yeye alichukua nafasi yake ya KUCCPS. Sasa yuko mwaka wa kwanza wa uhandisi huko nyumbani, kila wiki ananitumia picha amevaa kofia ngumu. Mimi niko darasani narudia trigonometria.

Ingekuwa kurudia tu ningeshukuru. Hesabu imenishinda, Mwalimu. Mhadhiri anaandika, anafuta, anasonga mbele. Wengi darasani ni Waingereza waliosoma A-level, kidato chao cha sita, wakakosa alama za kutosha, au waliochukua masomo yasiyofaa; kalkulasi hawaishangai. Mimi kila wiki nakutana na kitu kipya. Hadi leo hesabu nina 52. Fizikia nina 68, kemia 64, maabara 77. Kuvuka kwenda uhandisi wa ujenzi wanataka wastani wa 65 na hesabu isiyopungua 60. Wastani ninao, chupuchupu. Hesabu sina. Ijumaa na Jumamosi usiku nafanya kazi kwenye ghala la kufunga vifurushi, saa 20 kwa wiki, ndizo viza inazoniruhusu wakati wa masomo. Jumapili nalala mchana kutwa.

Mwezi wa pili likatokea jambo. Maabarani tulining'iniza waya mwembamba wa shaba wa mita mbili hivi, tukawa tunaongeza uzito wa gramu mia mia na kupima waya unarefuka kiasi gani. Mwanzoni ulirefuka kwa mpango, na ukiondoa uzito unarudi ulivyokuwa. Halafu ukafika mahali ukaanza kurefuka wenyewe bila kuongezewa kitu, na uzito ukiondolewa haurudi tena. Wenzangu walikuwa wakitazama saa. Mimi nilimganda msimamizi kwa maswali mpaka akazima taa za maabara. Akaniambia kuna shahada ya uhandisi wa matiriali, yaani kuchunguza vyuma, saruji, plastiki na kauri, kwa nini hubeba, huchoka na kukatika. Nilipoangalia masharti nikakuta kuingia huko wanataka wastani wa 55 na hesabu 50. Fomu ya kuthibitisha shahada tunayokwenda inafungwa mwisho wa Aprili.

Baba ni fundi mwashi. Nyumba nyingi za mtaa wetu amezijenga yeye, kwa ramani za watu wengine. Akinipigia huweka simu kwenye spika pale barazani na kusema, "Haya Injinia, wasalimie wazee." Nikimwambia bado niko mwaka wa msingi, hujibu, "Ndiyo hiyo hiyo." Alama zangu anazijua mama peke yake, na amenikataza nisimwambie baba kwa sababu ya presha yake.

Nyanya aliyenilea alifariki Novemba, wiki ya jaribio kubwa la hesabu. Sikuenda, tiketi hatungeiweza. Lakini hilo si neno, jaribio nilifanya kama wenzangu.

Sasa nifanyeje? Nikaze na ujenzi, na nikikosa nirudie mwaka kwa karo nyingine? Nihamie matiriali, watu waseme nimeshindwa? Au nirudi nyumbani nianze upya kabla pesa hazijaisha? Na nitajuaje kama matiriali naipenda kweli, au nimeipenda kwa kuwa ndiyo iliyonifungulia mlango? Hili la mwisho ndilo linaloninyima usingizi.

Mwana wa Mtwapa

MWALIMU AJIBU

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na sentensi uliyoitupa karibu na mwisho, ile ya "hilo si neno". Nimeisoma mara kadhaa. Nyanya aliyekulea amefariki, hukumzika, na wiki hiyo hiyo ukaingia kwenye jaribio la kalkulasi katika nchi ambayo hakuna aliyekuja kukaa nawe tanga. Mungu amrehemu. Lakini kwamba si neno, hapo sikubaliani nawe. Hata ukiacha machozi, ni neno katika kanuni za chuo chako.

Vyuo vikuu vya Uingereza vina utaratibu wa kupokea maelezo ya mwanafunzi aliyepatwa na jambo zito wakati wa mtihani: ugonjwa, ajali, msiba wa mtu wa karibu. Jina la utaratibu hutofautiana kutoka chuo hadi chuo, na dirisha lake huwa fupi, pengine siku au wiki chache tangu tukio. Wakikubali, mara nyingi hukuruhusu kufanya jaribio lile upya kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Watataka ushahidi. Cheti cha kifo, kibali cha mazishi au barua ya chifu, mama anaweza kukupigia picha akakutumia leo. Watauliza pia kwa nini umechelewa kusema. Jibu la kweli ni kwamba hukujua kuwa msiba wa nyumbani ni jambo la kupelekwa ofisini, na vijana wengi kutoka kwetu hawajui. Huenda wakakataa kwa kuwa muda umepita. Hata hivyo uliza, kwa maandishi, na umshirikishe mlezi wako wa masomo. Chama cha wanafunzi nacho aghalabu huwa na washauri wa kusaidia kuandika maombi ya namna hii bila malipo.

Nasema haya kwanza kwa sababu barua yako yote imesimama juu ya ile 52, na wewe umeichukua kama kipimo cha akili yako. Mimi naiona 52 yenye msiba ndani yake na usiku mbili za ghala kila wiki. Kwamba ungepata 60 bila hayo, sijui, wala wewe hujui. Ndiyo maana nasita kukuona ukiamua maisha ya miaka minne kwa namba hiyo peke yake.

Na hilo ghala. Umeniambia saa, hukuniambia pesa zinakwenda wapi. Ni za chakula na kodi, au kuna zinazotumwa nyumbani? Nauliza kwa kuwa nimewaona vijana wakifanya kazi hadi ukomo wa saa za viza ili watume kitu, kwa aibu ya ploti iliyouzwa, huku mzazi aliyeuza ploti hiyo akitaka jambo moja tu, mtoto asome. Kama ni za kula, basi ni za kula, na tutafute namna nyingine. Kama zipo zinazotumwa, hebu hesabu: karo ya mwaka wa kurudia ni mishahara ya ghala ya miezi mingapi? Wala usije ukashawishiwa kuzidisha saa ili kufidia pengo. Kufanya kazi kupita kikomo ni kuvunja masharti ya viza, na hilo halina mtihani wa marudio.

Sasa tuje kwenye mwaka unaouona umepotea. Mimi ni wa mfumo wa zamani. Tulikaa kidato cha tano na cha sita ndipo tukaenda chuoni. Ulipoanza mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, na KCSE ya kwanza kufanywa 1989, ile miaka miwili ikafutwa na shahada zetu zikaongezwa urefu, za uhandisi zikawa za miaka mitano. Waingereza hawakufuta yao. Mtoto wao huanza chuo akiwa amekaa shuleni miaka 13, na shahada ya kwanza ya uhandisi England huwa ya miaka mitatu, au minne ukichukua ile inayoishia kwenye daraja la uzamili. Kwa hiyo mwaka wako sifuri ni kidato cha sita kilichohamishiwa chuoni, basi. Haukuwekwa kwa kuwa una upungufu.

Halafu mtazame binamu yako na kofia yake. Yeye anasoma miaka mitano. Wewe ni msingi mmoja na shahada mitatu, jumla minne. Hata ukilazimika kuurudia mwaka huu mzima, mtamaliza pamoja. Hilo ulishawahi kulihesabu? (Usimwandikie. Mwache na picha zake.)

Lile la "hakuna anayeanguka" nalo tuliseme. Mawakala wengi hulipwa kamisheni na vyuo kwa kila mwanafunzi anayeandikishwa, na aliyelipwa kwa kukufikisha hana haja ya kukueleza ugumu wa kupita. Watu huanguka mwaka wa msingi. Ni mwaka wa mitihani kamili. Kinachotuliza kidogo ni kwamba kwa kawaida alama zake haziingii kwenye daraja la shahada yako. Ukishavuka, hakuna atakayekuuliza ulivuka na ngapi.

Kuhusu hesabu yenyewe, umejilinganisha na watu walioikalia kalkulasi miaka miwili kabla yako. KCSE ilikufundisha mwanzo wa kalkulasi: kutafuta mteremko wa mchoro na eneo lililo chini yake, kwa vipeo vya kawaida vya x. Huko wanataka ufanye hayo hayo kwa sini na kosini, kwa logi, kwa vitu viwili vilivyozidishwa, kwa kitu kilichofungwa ndani ya kingine. Nusu ya kwanza unayo. Kabla hujasema imekushinda, chukua karatasi za majaribio zilizosahihishwa, uzipitie swali kwa swali, uandike pembeni kila alama ilipotea kwa nini: hukujua kabisa, ulijua ukakosea alama ya kutoa, au muda ulikwisha. Ukikuta nyingi ni za kutojua, kuna kazi kubwa. Ukikuta nyingi ni za haraka na za kukosea njiani, 8 unazozitafuta ziko karibu kuliko unavyodhani. Vyuo vingi vya huko vina chumba cha msaada wa hesabu, unaingia na swali lako bila miadi na bila malipo. Sikuona popote katika barua kwamba umeshaenda. Huenda umekwenda hukusema. Kama hujakwenda, nini kinakuzuia? Aibu ya kuonekana, au ile Jumapili ya kulala?

Haya, njia zako tatu.

Kukaza na ujenzi kunawezekana, ila kuna shimo dogo ambalo wanafunzi hulitumbukia mwezi wa nane. Katika vyuo vingi, alama ya mtihani wa marudio hufungwa kwenye kiwango cha kupita tu, tuseme 40, hata ukipata 80. Sasa kama sharti lako ni 60 na marudio yanafungwa kwenye 40, marudio yatakufaa nini? Huenda chuo chako kinatazama alama halisi unapovuka, huenda hakitazami. Usinitegemee mimi wala wanafunzi wenzako kwa hilo, mwandikie mratibu wa mwaka wa msingi akujibu kwa maandishi. Muulize na haya: mwenye 58 hufikiriwa, au mlango hufungwa? Kurudia ni somo moja au mwaka mzima, na kwa karo ipi? Na katika fomu ya Aprili, mtu anaweza kuandika ujenzi kwanza na matiriali chaguo la pili, alama zikaamua Julai? Hilo la mwisho likiwezekana, nusu ya mzigo uliouandika humu umetuliwa.

Kurudia mwaka si kosa kwa watu wa uhamiaji, mradi chuo kinakudhamini. Ila miaka minne ya viza haitatosha, utahitaji kuiongeza, na kuongeza ni pesa. Usichotaka kufika ni pale chuo kinapokuondoa kabisa. Kikikuondoa kinalazimika kuwaarifu uhamiaji, na viza hufupishwa, kwa kawaida unabakiwa na siku 60. Ndiyo sababu nakuharakisha uulize Machi. Julai utakuwa unauliza huku unafunga mizigo.

Matiriali. Swali linalokunyima usingizi nimelipenda, kwa kuwa mtu anayekimbia tu hajiulizi. Ila nimetazama mpangilio wa barua yako. Ulimganda msimamizi mpaka taa zikazimwa, kisha ndipo ukaangalia masharti ukaikuta hiyo 55. Kupenda kulitangulia, kwa ulivyosimulia mwenyewe. Hilo halitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu alasiri moja na waya si shahada. Na huenda zote mbili ni kweli kwa pamoja, unaipenda na pia ni rahisi kuifikia, na hakuna sheria inayosema kizuri lazima kiwe kigumu kupata.

Lakini nikuonye jambo. Kama sehemu yako fulani inahamia huko ili kuiacha hesabu, hesabu itakufuata. Joto linavyosafiri ndani ya chuma, atomi za kaboni zinavyopenya, ufa unavyokua, yote huandikwa kwa kalkulasi ile ile, na vyuo vingine huwakalisha wahandisi wote wa mwaka wa kwanza katika darasa moja la hesabu. Omba ratiba ya masomo ya miaka mitatu ya matiriali, na uombe kuketi nyuma kwenye mhadhara wa mwaka wa pili. Wahadhiri wengi hawakatai. Ukitoka na usingizi, umejua. Ukitoka na maswali, pia umejua.

Kuna na mambo ya makaratasi. Tazama shahada hiyo imeandikwa ya uhandisi au ya sayansi, maana majina yanafanana na milango haifanani. Uliza kama imeidhinishwa na taasisi ya fani yake chini ya baraza la wahandisi la Uingereza, Engineering Council. Kwa matiriali taasisi hiyo ni IOM3. Na kwa kuwa siku moja huenda ukarudi, waandikie EBK, bodi yetu ya wahandisi. Kwa sheria ya wahandisi ya mwaka 2011, kujiita injinia kikazi Kenya ni lazima usajiliwe nao, na usajili huanza na shahada wanayoitambua. Waulize kuhusu zote mbili, ujenzi na matiriali, ukitaja jina kamili la shahada. Usidhani ya ujenzi inapita yenyewe kwa kuwa ni ya ng'ambo. Kazi nazo si sawa: nyumbani tangazo la injinia wa ujenzi utaliona mara kwa mara, la matiriali utalitafuta, na pengine utalikuta limeandikwa kwa jina jingine, kiwanda cha saruji, kiwanda cha chuma, maabara ya kupima barabara. Hilo ni la kupima mapema, hata kama moyo umeshahama.

Kuhama shahada ndani ya chuo kile kile mara nyingi hakuhitaji viza mpya, ikiwa ngazi ni ile ile, utamaliza ndani ya muda ulio nao, na shahada mpya inahusiana na ya kwanza au na unakotaka kufika. Pitia ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kutia sahihi popote. Kuhamia chuo kingine ni habari nyingine, hapo maombi ya viza huanza upya.

Kurudi nyumbani umekuweka mwisho na kwa maneno machache, nami sijui kama ni kwa kuwa hukutaki au kwa kuwa unakuogopa. Usitegemee mwaka huu kuhesabiwa chochote kwenye chuo cha hapa. Utaanza mwaka wa kwanza, na nafasi uliyoiacha utaiomba upya au ujilipie. Kwa upande wa pili, karo ya miaka mitatu itakuwa imebaki mfukoni mwa mtu. Ploti ya Kikambala imeshauzwa. Hairudi ukikaa na hairudi ukirudi, kwa hiyo isikae kwenye mizani. Kinachofaa kukaa kwenye mizani ni pesa ambazo bado hazijatoka.

Na hapo ndipo nilipoona pengo kubwa zaidi kuliko 52. Ami "ameahidi kusaidia". Kusaidia ni kiasi gani? Karo ya uhandisi kwa mwanafunzi wa kigeni huko, si ajabu kuikuta imepita pauni 25,000 kwa mwaka, mbali na kula na kulala, mara tatu. Je, ami anazijua namba hizo? Baba anazijua? Nimeona familia zenye mapenzi tele zikikwama mwaka wa pili kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake ndiye mwenye fungu kubwa. Kabla hujachagua shahada, mtumie ami karo ya zote mbili, mwaka kwa mwaka, umwombe kwa adabu akuambie analoweza na asiloweza. Akisema anaweza mwaka mmoja, maswali yako yote yatabadilika, na ni afadhali yabadilike sasa.

Amebaki baba. Mama ana sababu zake, amekaa na mtu huyo na presha yake miaka mingi, wala sitakuambia umvunjie neno. Lakini mwulize mama swali hili mkiwa peke yenu: matokeo yatatoka Julai, presha ya baba itastahimili zaidi kusikia Julai kwa ghafla, au kusikia sasa kidogo kidogo, wakati bado kuna la kufanya? Huenda mama akasema subiri. Huenda akasema yeye mwenyewe atampenyezea. Na ami, kama ndugu wa baba na kama mtu anayetoa pesa, huenda ndiye mwenye nafasi ya kulileta jambo kwa heshima. Wewe unawajua, mimi siwajui.

Umedhani baba anataka ujenzi. Ulivyomwandika, mimi nimesikia mtu aliyechoka kujenga kwa ramani za wengine. Hayo yanakaribiana, lakini si kitu kimoja, na hujawahi kumuuliza. Unaweza kuanza bila kutaja alama wala fomu. Muulize kuhusu nondo. Fundi wa Mtwapa ameona slabu zilizopasuka kwa chini, saruji imebanduka, nondo zimevimba kwa kutu, kwa kuwa nyumba iko karibu na bahari au kwa kuwa mtu alichanganya mchanga wa pwani ambao haukuoshwa chumvi. Chumvi hupenya kwenye zege, chuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndipo zege hupasuka. Huo ni uhandisi wa matiriali, na baba yako ameufanyia kazi kwa mwiko miaka yote bila kuujua kwa jina hilo. Muulize kwa nini mawe ya matumbawe na chokaa vya Fort Jesus, ile ngome ya Mombasa iliyoanza kujengwa 1593, bado vimesimama ilhali slabu ya juzi inabanduka. Sikufundishi kumzunguka. Nataka usikie anavyojibu, maana katika kujibu utajua anachokipenda ni cheo, au ni kazi yenyewe. Ikiwa ni cheo, bado utakuwa na mazungumzo magumu mbele, na sitakudanganya kwamba yatakuwa mepesi.

Watu wa barazani watasema. Wakiwa na la kusema watasema hata ukipata 90.

Kwa hiyo sikuchagulii. Ukiniandikia tena, niambie majibu ya mratibu, ya ami na ya EBK, kwa kuwa bila hayo matatu mimi na wewe tunakisia. Ukiona usingizi unazidi kukukimbia, au unaanza kukosa hamu ya kula, chuo kina washauri wa wanafunzi. Kuwaendea hakuandikwi kwenye matokeo yako. Na ile barua ya msiba iandike wiki hii, maana ofisi zao hufungwa siku kadhaa wakati wa Pasaka na wewe muda wako ulishaanza kuhesabiwa tangu Novemba.